Nukta Nane Nyekundu

Goba, Jumapili alasiri

Atu,

Mama yako amemaliza karatasi yake ya maagizo, kurasa mbili, mbele na nyuma. Humo kuna neti, dawa za malaria, namba ya binamu yake anayeishi Tanga, na onyo kali kuhusu samaki wa kukaanga wa barabarani. Kwa hayo sina la kuongeza. Nilimwomba tu akimaliza aniachie kalamu.

Sasa hivi uko Chang'ombe unaagana na mafundi wa gereji yetu. Nilikuacha uende peke yako, nikasema mgongo unaniuma. Mgongo hauniumi. Nilitaka nyumba itulie nikuandikie jambo ambalo nimeshindwa kukuambia kwa mdomo wiki tatu nzima, tangu siku ile ulipoingia sebuleni na simu mkononi ukasema umemwandikia Fundi Sudi wa Tanga kuomba nafasi gerejini kwake.

Nilikuuliza, Sudi yupi. Ukanieleza kwa furaha habari za magari ya mashindano anayoyatengeneza, injini zake za turbo zinazomaliza msimu mzima bila kushushwa, na vijana wanaosafiri kutoka mikoani kumwona tu anavyofanya kazi. Nilikusikiliza kama mtu anayeyasikia kwa mara ya kwanza. Ukaniuliza kama namjua. Nikajibu kwamba nimewahi kumsikia.

Mwanangu, nilifanya kazi na Sudi miaka sita, gereji moja, sahani moja ya wali mchana. Siku uliyozaliwa ndiye aliyemkimbiza mama yako hospitali, tena kwa gari la mteja, bila ruhusa ya mteja. Alipoondoka Dar es Salaam aliondoka kwa kosa nililolifanya mimi, na mpaka leo sijawahi kulisema. Kesho unakwenda kuishi chini ya mkono wake. Sitaki ufike hujui.

Nitakueleza kwa mpangilio, maana wewe ni fundi, na fundi hapendi kuelezwa ugonjwa wa gari kwa kurukaruka.

Gereji ilikuwa hii hii unayoijua, ila bati lilifunika upande mmoja tu, na mvua ikinyesha tulisukuma magari kama watu wanaohamisha viti vya harusi. Sudi ni mtoto wa Temeke, babu yake alizaliwa pale. Mimi nilishuka kutoka Tukuyu na sweta mbili, na kwa mwezi mzima nilizivaa kwa zamu kwa sababu sikuwa na shati la maana. Aliniita Mtu wa Sweta. Mimi nilimwambia watu wa pwani wanapumzika kwanza ndipo wanachoka. Tulielewana tangu wiki ya kwanza.

Wakati ule vijana wenye uwezo walianza kuleta magari ya Kijapani yaliyokwishatumika, na kila mmoja alitaka turbo. Walitaka ule mlio. Hakuna aliyeuliza ndani kuna nini. Sisi pia hatukuuliza. Tulijua kwamba moshi unaotoka kwenye injini unazungusha pangaboi dogo, na pangaboi hilo linasukuma hewa nyingi kuingia ndani, na hewa ikizidi unaweza kuongeza mafuta, na mafuta yakizidi gari linaruka. Tulidhani huo ndio ufundi wenyewe. Tuliua injini tatu kwa mfululizo. Moja ilitoboka pistoni, nyingine iliunguza gasketi ya silinda hedi, ya tatu ilipinda konrodi, ule mkono unaobeba pistoni, mpaka ukiishika mkononi unaona huruma.

Ni Sudi aliyekaa chini siku moja na ile konrodi iliyopinda, akaigeuzageuza, akasema tumekuwa tukiongeza mzigo juu ya nyumba bila kugusa msingi. Kuanzia hapo tulibadilika. Mteja akija na turbo mpya kwenye boksi, tulimwambia airudishe nyumbani kwanza. Tulianza na pistoni na konrodi za chuma kilichofuliwa badala ya zile zilizomiminwa kwenye kalibu, bolti ngumu zaidi, beringi mpya, njia ya oili, radieta ya kutosha. Turbo ilikuja mwisho kabisa. Wateja wengine walikasirika wakaenda kwingine, halafu wakarudi wakivutwa kwa kamba.

Haya ndiyo niliyokufundisha, na kila mara ulipouliza nimejifunzia wapi nilijibu kwamba kazini. Nilijifunza kwa Sudi.

Na ile desturi yetu ya nukta nayo ni yake. Unajua inavyokwenda: kila bolti ya ndani ya injini, ukishaikaza kwa spana ya kupimia na ikafika inapotakiwa, unaitia nukta nyeupe kichwani kwa kalamu ya rangi. Kisha mtu wa pili anapita na spana yake, anaijaribu kila moja, na yeye anatia nukta nyekundu. Anayekaza hakagui. Wakati ule nyeupe ilikuwa yangu na nyekundu ilikuwa ya Sudi. Tulikuwa na sheria moja ambayo sikukufundisha, na sasa utaona kwa nini: rangi ya mwisho ndiyo inayojibu. Injini ikileta tatizo la bolti, hatumuulizi aliyekaza. Tunamuuliza aliyekagua, maana yeye ndiye aliyesema iko sawa.

Mimi nilikuwa na tabia yangu. Bolti za konrodi lazima uzipake oili kabla ya kukaza, na ukishashika oili, nukta inateleza, inachafuka, unafuta na kurudia. Nikaona huo ni upotevu wa muda. Kwa hiyo asubuhi, bolti zikiwa bado kavu, nilizipanga mezani nikazitia nukta nyeupe zote kwa mpigo, ndipo nikapaka oili na kukaza. Sudi aliniona mara mbili tatu akanikataza. Nilimwambia mkono ni wangu na kichwa ni changu, najua nilichokaza. Nilikuwa fundi mzuri, Atu. Hilo lilikuwa sehemu ya tatizo.

Ijumaa moja nilikuwa nafunga injini ya silinda nne ya jamaa mmoja mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi. Simtaji jina, hakuna haja. Bolti zake za konrodi ni nane. Nilikuwa nimezikaza sita wakati mjomba wangu alipotokea getini, ametoka Tukuyu bila taarifa, simu yake imezimika njiani, ameuliza watu mpaka akafika. Huwezi kumwamkia mjomba na spana mkononi. Nikaiweka chini, nikanawa, nikampa shikamoo, nikamtafutia kiti na soda, nikakaa naye. Alikuwa na habari za nyumbani, za msiba na za mashamba, na mjomba yule hajawahi kufupisha habari. Alipoondoka saa nzima ilikuwa imepita.

Nikarudi kwenye injini. Nikaona nukta nyeupe nane.

Hakuna cha kuongeza hapo. Macho yangu yaliona nane, kichwa changu kikasema nane, nikaendelea. Zile mbili zilikuwa zimevutwa kidogo tu kwa spana ya kawaida, hazijafikishwa kwenye kipimo. Ndiyo maana ulipokuwa na miaka kumi na minne nilikunyang'anya kalamu ya rangi kwa ukali mpaka ukalia, ulipotia nukta kabla ya kukaza. Ulimwambia mama yako kwamba baba amechanganyikiwa kwa sababu ya rangi.

Lakini hilo ni kosa la kwanza, na kosa la kwanza lilikuwa na dawa. Dawa yake ilikuwa Sudi. Angepita na spana yake, angezikuta zile mbili, angenicheka mpaka jioni, na leo ningekuwa nakuandikia habari za neti. Sudi alikuwa msikitini. Mwenye gari alikuwa amepiga simu mara tatu, anakuja na wenzake kuisikia injini ikiwaka. Sudi alichelewa kurudi, baadaye nikajua alisimama kumsaidia mtu aliyekwama na gari. Mimi nikachukua kalamu nyekundu kwenye boksi lake la vifaa. Nikafuta oili kwenye vichwa vya bolti kwa kitambaa kikavu, nikatia nukta nane nyekundu kwa mkono wangu. Nikafunga sampo, lile bakuli la oili chini ya injini; ukishalifunga, bolti hazionekani tena.

Aliporudi aliuliza, umefunga? Nikamwambia nimefunga, na nimekagua mwenyewe. Alikunja uso, lakini watu walikuwa wameshafika, injini ikawaka, ikalia vizuri, watu wakapiga makofi. Sikumwambia kuhusu kalamu. Nilipanga kumwambia Jumamosi. Jumamosi ilikuwa na kazi nyingi.

Injini ile ilitembea wiki tatu. Jumapili moja asubuhi, kwenye barabara ya Bagamoyo, jamaa akiwa kwenye mwendo ambao hakupaswa kuwa nao barabarani, konrodi ya silinda ya tatu ilifunguka ikatoka ubavuni mwa injini. Oili ikamwagika mbele ya matairi yake mwenyewe. Gari lilizunguka na kuingia mtaroni. Alivunjika mguu sehemu mbili. Alipona, lakini mguu ule umebaki mfupi, na nikikutana naye mjini mpaka leo namwona kwanza anavyotembea, ndipo namwona sura.

Gari likaletwa gerejini kwetu kwa winchi. Kaka yake mwenye gari alikuja na mafundi wawili wa gereji jirani wawe mashahidi. Tukafungua sampo mbele yao. Bolti moja ilikuwa imekatika, nyingine ilikuwa imejifungua nzima nzima, imelala chini kwenye oili, haina hata mkwaruzo. Kila fundi aliyesimama pale alielewa. Bolti iliyokazwa haitoki hivyo.

Sudi ndiye aliyeiokota. Akaifuta kwa kitambaa. Kichwani ilikuwa na nukta mbili, nyeupe na nyekundu. Akaiangalia kwa muda, halafu akaniangalia mimi. Sikuweza kumtazama, nikawa natazama mikono yake.

Kaka mtu akauliza nyekundu ni ya nani.

Sudi akasema, "Nyekundu ni yangu."

Hakusema ameitia yeye. Alisema ni yake. Nilisikia tofauti hiyo vizuri kabisa, na nadhani pale palikuwa na mtu mmoja tu aliyeisikia.

Walipoondoka tulikwenda kunawa mikono kwenye lile pipa la nyuma. Akaniambia kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeulizia spana, akilikata jina langu kama alivyozoea, "Amba, Ijumaa ile mie nilikuwa msikitini."

Nikasema, "Najua."

Akasubiri. Alinawa mikono ambayo ilishatakata, akaendelea kunawa. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kusema sentensi nzima. Badala yake nilimwambia mtoto ana homa, acha niwahi nyumbani.

Mtoto huyo ni wewe. Ulikuwa na miezi mitatu, na hukuwa na homa yoyote. Nilikukuta unacheka.

Nikajipa sababu, kama watu wanavyojipa. Nina mtoto mchanga. Mke wangu hana kazi. Nyumba tunayokaa ni ya kupanga. Sudi hana mtoto, ana ndugu mji mzima, hawezi kukosa pa kulala. Nitasema mambo yakipoa. Kila sababu ilikuwa na ukweli ndani yake, na zote kwa pamoja zilikuwa woga. Niliogopa, basi. Leo naona aibu hata kuliandika neno hilo, lakini ndilo neno lake.

Ile familia haikwenda polisi. Walitaka tu Sudi asiguse tena injini pale, na habari ikasambaa yenyewe, kutoka Temeke mpaka Kinondoni, kama habari za mafundi zinavyosambaa, kwa wauza vipuri na madereva. Alibaki wiki mbili. Mteja alikuwa anamsalimia yeye, funguo ananipa mimi. Siku ya mwisho alibeba boksi lake la vifaa, akaniacha na kalamu nyekundu mezani. Sijui kama aliisahau. Sudi si mtu wa kusahau kifaa.

Alikwenda Tanga kwa upande wa mama yake. Kwa miaka mingi alitengeneza breki za malori na mashine za kukoboa mahindi. Nilisikia kwa wapita njia. Halafu mtu mmoja wa mashindano, ambaye hakuwa na habari za Dar es Salaam au hakuzijali, akampa injini moja, na kutoka hapo akapanda polepole mpaka huko ulikomkuta wewe. Namba yake ninayo. Nimebadilisha simu nne, na kila mara namba ya Sudi nimeihamisha kwa uangalifu. Sijawahi kuipiga.

Mimi huku nilipata jina. Unalijua: Fundi Mara Mbili. Kwa sababu kila bolti naikaza, naikagua, halafu naikagua tena, na sifungi injini mgeni akiwa amekaa. Watu wanadhani ni umakini. Hata wewe chuoni uliwaambia wenzako kwa fahari kwamba baba yako haamini hata mkono wake mwenyewe. Ni kweli, siuamini. Sikujua nikurekebishe vipi bila kukueleza yote.

Na kuna lingine ninalokuomba msamaha. Miaka miwili iliyopita uliniuliza, ukiwa na hasira, kwa nini sikuachi ufunge sehemu ya chini ya injini bila mimi kusimama juu yako. Ulisema, "Baba, ni kwa sababu mie msichana, si ndiyo?" Nikakuacha uondoke unaamini hivyo, na ukaamini kwa muda mrefu, niliiona sura yako. Ningeweza kukuambia kwamba kila nikiona mtu wangu anafunga sampo, nataka kuifungua tena nizijaribu bolti. Jibu hilo lilikuwa linaelekea kwa Sudi, kwa hiyo nililikwepa, nikakuachia wewe maumivu. Atu, wewe ni fundi bora kuliko nilivyokuwa katika umri wako. Lile gari la kijivu ulilolijenga mwenyewe, ulipokwenda kulala nilifungua sampo nikazijaribu bolti zote. Zote zilikuwa sawasawa. Nikafunga, nikakaa pale chini kama mjinga, nimefurahi na sina wa kumwambia.

Sasa nije kwenye ujumbe wako. Ulinionyesha ulichomwandikia Sudi ulipoomba nafasi. Uliandika jina lako lote, na jina langu ndani yake. Uliandika umesoma wapi, umejenga injini ngapi. Na mwisho ukaandika, "Baba yangu amenifundisha kukaza kwanza, nukta baadaye." Ulikuwa unajivunia sentensi hiyo. Ukalalamika kwamba mzee amesoma ujumbe na amekaa siku tatu hajajibu, ukadhani amekudharau. Siku ya nne akajibu: njoo, na msalimie baba yako.

Zile siku tatu mimi nililala vibaya kuliko wewe. Nilijua anasoma nini. Ulipoleta salamu zake ukashangaa, kumbe mnajuana? Nikasema mafundi wote wanajuana. Huo ulikuwa uongo wa pili ndani ya wiki moja, kwa mtu mzima wa umri wangu, mwenye kiti chake kanisani.

Sijui kwa nini amekukubali. Nimewaza mengi. Labda amekuona wewe tu, kwa kazi yako, na jina langu hakulijali. Labda anataka kukutazama usoni aone kama umefanana nami. Sudi ninayemkumbuka hakuwa mtu wa kumlipiza mtoto makosa ya baba, lakini hapa naandika habari za mtu niliyemjua miaka ishirini na mbili iliyopita. Wewe utamjua wa leo kuliko mimi. Najua tu kwamba ungefika pale ukamsifu baba yako mbele yake, kwa nia njema kabisa, kila siku, na yeye angekaa kimya kwa heshima, na siku moja ungelisikia kwa mtu mwingine. Ungejiona mjinga mbele ya mwalimu wako kwa sababu yangu. Hilo limenishinda kulibeba.

Alhamisi nilimwambia mama yako. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa mpaka nilipomaliza, na hata nilipomaliza aliendelea kuchambua. Halafu akaniuliza, "Na mtoto umemwambia?" Nikasema bado. Akasema, "Basi hata mie hujaniambia kitu." Tangu siku hiyo ananipa chakula na kuniamkia kama kawaida, na hakuna kingine. Anastahili kukasirika. Alimpenda Sudi kama kaka.

Ningependa hapa nikupe mawaidha, baba akiandika barua watu wanategemea mawaidha. Ninalo moja dogo, nalo ni la gerejini. Ukikosea kwa Sudi, sema kabla sampo haijafungwa. Baada ya hapo kusema kunakuwa kugumu kila siku kuliko jana yake, na kuna mwaka utafika utadhani umesahau. Hutasahau. Nikiandika hivi najisikia kama mlevi anayehubiri maji, lakini ni kweli na nimekwishailipia, au tuseme Sudi amenilipia.

Usimwombe msamaha kwa niaba yangu. Najua ulivyo, utataka kuanza na hilo ukishuka tu kwenye basi. Hukufanya kitu. Ulikuwa mtoto wa miezi mitatu mwenye afya njema.

Nilifikiria kumpigia simu. Juzi niliifungua namba yake nikaitazama mpaka kioo kikazima. Kwenye simu ningesema nilichoandaa, yeye angesema haya, mmoja angekata, na mimi ningejihesabu kuwa nimemaliza. Mafundi waliosikia nyekundu ni ya Sudi walisikia ana kwa ana, wamesimama gerejini. Haifai ukweli usemwe kwenye simu.

Kwa hiyo kesho alfajiri, tukifika stendi ya Mbezi, usinipe mkono wa kwaheri. Nimekata tiketi mbili. Chako ni kiti cha mbele, dirishani, unavyopenda. Changu kipo nyuma karibu na mlango wa pili. Sikukata viti vya pamoja, kwa makusudi, maana utakuwa umeshaisoma hii na sijui kama utataka kuniona. Ukitaka kuja kukaa nyuma, njoo. Ukitaka kulala mpaka Tanga, lala. Ukisema hutaki nipande kabisa, nitashuka, na nitapanda basi linalofuata, lakini nitafika.

Tukifika nitamwomba Sudi awaite mafundi wake wote, waache kazi kidogo. Nitasema mbele yao nilichofanya kwa ile kalamu, na jina la aliyekuwa msikitini. Kisha nitasema hivyo hivyo kwa wale mashahidi wawili wa gereji jirani, mmoja bado yupo Chang'ombe, na kwa yule aliyevunjika mguu. Naanzia mbali ili nisipate nafasi ya kughairi nikirudi.

Sudi anaweza kunipa kiti. Anaweza kunitoa nje mbele ya watu, na hakuna atakayemlaumu. Akinitoa, Atu, usinitetee, na usitoke kunifuata getini. Muulize akuonyeshe pa kuwekea begi, uvae ovaroli, uanze kazi.

Nakupenda, na nilipaswa kukuambia haya ukiwa mdogo.

Baba yako,
Ambakisye